Mtandao wa nyumbani unakwama? Venye utapima mwenyewe kabla upigie kastoma kea

Ukipigia kastoma kea useme "mtandao unajikokota", jibu unalijua tayari, zima rauta, ngoja kidogo, washa tena. Si ati wanakudharau, ni vile hiyo sentensi haina kitu mtu anaweza kushika. Inaweza kuwa ni waifai yako, inaweza kuwa boksi ya faiba ya mtaa imebebeshwa nyumba nyingi kuliko uwezo wake, inaweza kuwa kebo imekatika huko chini ya Bahari ya Shamu, na ukiwa umekaa mbele ya laptopu zote zinafanana, kile kiduara kinazunguka tu. Hapa nitaonyesha venye unazitenganisha, kuanzia chumbani ukielekea nje, na mwisho uandike ripoti yenye injinia wa kampuni akiisoma itabidi aangalie mitambo yake. Haina haja ujue kuprogramu, bora uwe unaweza kufungua ile skrini nyeusi ya kuandika amri.

Kwanza weka spidtesti pembeni kidogo. Spidtesti inachagua seva iliyo karibu na wewe, mara nyingi iko ndani ya mtandao wa kampuni yako yenyewe ama hapo tu jirani Nairobi, inafungua laini kadhaa kwa mpigo, inasukuma data sekunde kumi hivi, unapewa namba kubwa unafurahi. Namba yenyewe ni ya kweli lakini inajibu swali moja tu, laini yako inapitisha data kiasi gani kutoka kwa nyumba mpaka hapo karibu. Haisemi chochote kuhusu kufika Frankfurt, haisemi kama pakiti (vile vipande vidogo data inakatwa ndio isafiri) zinapotea kila dakika mbili, haisemi kama mtu akianza kuaplodi vidio kwa chumba ya pili mkutano wako wa Zoom unakufa. Alafu inakula bando vibaya: laini ya 100 Mbps ikipimwa sekunde 10, kudaunlodi peke yake ni kama MB 125. Ping nayo, yaani kutuma pakiti ndogo na kupima inarudi baada ya muda gani, moja kila sekunde, ukiiacha siku nzima ni kama MB 15 kwenda na kurudi, hata mtu wa bando ya simu anaweza.

Vitu unahitaji: laptopu, kebo ya mtandao ya kuchomeka kwa rauta (zile za mia mia za mtaani zinatosha bora zisiwe zimevunjika ile klipu), na programu inaitwa mtr, yenye inaunganisha ping na traceroute (ile ya kuonyesha njia, tutaiona hapo chini). Linux ni `sudo apt install mtr`, Windows tafuta WinMTR. Kama uko na simu peke yake, programu za Android za ping na traceroute ziko nyingi Play Store, utafika nusu ya njia.

Anza na rauta yako mwenyewe

Hapa ndio watu wanaruka, na hapa ndio shida nyingi ziko. Tafuta anwani ya rauta: Windows andika `ipconfig` uangalie ile mstari wa Default Gateway, Linux ni `ip route`. Mara nyingi ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1 ama 192.168.100.1. Alafu:

`ping -n 100 192.168.1.1` (Windows)
`ping -c 100 192.168.1.1` (Linux na Mac)

Fanya hii mara mbili, ya kwanza ukiwa kwa waifai pale pale unakaaga ukifanya kazi, ya pili umechomeka kebo. Kwa kebo unatarajia chini ya milisekunde moja, na pakiti zote mia zimerudi. Kwa waifai nzuri utaona moja mpaka tano. Ukiona inaenda 3, 4, 180, 5, 240, alafu mbili zimepotea, simama hapo hapo usiendelee mbele, juu hiyo ni safari ya kutoka kwa kochi mpaka kwa rauta, haijafika hata mlangoni, na hakuna kampuni itakusaidia.

Sababu ni kawaida. Kama unaishi kwa flati za Roysambu ama Pipeline, fungua listi ya waifai kwa simu uhesabu majina. Ile bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu ambazo hazigongani, 1, 6 na 11, na nyumba arobaini zote zinapigania hizo tatu. Hamia 5 GHz kama rauta yako inaweza, haifiki mbali sana lakini kwa hii hali hiyo ndio faida, ya jirani pia haikufikii. Na toa rauta nyuma ya tivii, ukuta wa mawe wa hizi nyumba zetu unameza mawimbi, kuta mbili za mawe na 5 GHz imeisha. Kama dawati la kazi liko mbali, vuta kebo upitishe juu ya mlango, haipendezi macho lakini inafanya kazi.

Kuanzia hapa pima na kebo peke yake. Ukipima na waifai kila kitu chenye kinafuata kitakuwa na alama ya kuuliza.

Toka nje ya mlango

Sasa traceroute. Ping ilitengenezwa na Mike Muuss mwaka wa 1983, traceroute ikafuata miaka michache baadaye kwa mkono wa Van Jacobson, na mbinu yake ni ya ujanja mtupu. Kila pakiti inabeba namba inaitwa TTL, kila rauta inayopitia inapunguza moja, ikifika sufuri rauta inaitupa na inarudisha ujumbe kwa mwenyewe kumwambia pakiti yako imeishia kwangu. Basi traceroute inatuma pakiti ya TTL 1, inajibiwa na rauta ya kwanza, inatuma ya TTL 2, inajibiwa na ya pili, hivyo hivyo mpaka ifike. Unapata orodha ya hopu zote njiani, hopu ni kila rauta pakiti inapitia, na muda wa kila moja.

`tracert -d 1.1.1.1` (Windows)
`traceroute -n 1.1.1.1` (Linux na Mac)

Huu hapa mfano, nimeutunga usitafute hizo anwani:

1  192.168.1.1  0.6 ms
2  100.72.0.1  4.1 ms
3  203.0.113.9  5.0 ms
4  * * *
5  203.0.113.77  61.3 ms
6  198.51.100.14  5.9 ms
7  1.1.1.1  5.6 ms

Mstari wa 1 ni rauta yako. Wa 2 unaanza na 100.72, na ukiona chochote kati ya 100.64 na 100.127 kwa hapo mwanzo ujue kampuni imekuweka pamoja na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya IPv4 (hiyo inaitwa CGNAT), ndio maana ile kamera ya CCTV ulinunua hauwezi kuifikia ukiwa kazini bila kupitia seva ya watu wa kamera. Si kosa, anwani za IPv4 ziliisha, lakini ni vizuri ujue.

Mstari wa 4, nyota tatu. Watu wanaona nyota wanashtuka, wanapiga skrinshoti wanatuma Twitter "ona mtandao umekatika hapa". Haujakatika. Kama umekatika, 5, 6 na 7 zingejibu vipi? Hiyo rauta imeambiwa tu isijibu, ama imeshiba maswali.

Mstari wa 5, milisekunde 61, pia si shida, na hii ndio inadanganya watu wengi sana. Rauta kubwa kazi yake ni kupitisha pakiti, na hiyo inafanywa na chipu maalum haraka sana, lakini kujibu traceroute kunafanywa na ile prosesa ndogo ya pembeni yenye iko na kazi zingine muhimu zaidi, kwa hivyo inajibu ikipata nafasi. Angalia 6 na 7, zimerudi 5.9 na 5.6, na pakiti zao zimepita hapo hapo kwa 5. Kanuni ni hii na uishike: muda ama upotevu ukipanda kwa hopu moja alafu ushuke, achana nao. Ukipanda na ubaki umepanda mpaka hopu ya mwisho, hapo ndio kuna kitu.

Kitu kingine kuhusu traceroute, inakuonyesha njia ya kwenda peke yake. Muda unaoona ni wa kwenda na kurudi, lakini njia ya kurudi hauioni, na mara nyingi si ile ile. Na kwa mitandao mikubwa yenye inagawanya pakiti kwa njia kadhaa sambamba, traceroute ya kawaida inaweza kuchanganya hopu za njia mbili ikakuchorea njia ambayo haiko duniani, hiyo shida watafiti waliitengenezea Paris traceroute mwaka wa 2006. Kwa matumizi ya nyumbani haitakusumbua sana.

Umbali haudanganyi

Hii hesabu ndogo ndio napenda kuliko zote. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwa kuwa ping ni kwenda na kurudi, kila milisekunde 1 ya ping ni kilomita 100 za umbali, zaidi ya hapo haiwezekani hata upewe laini ya bei gani. Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 480, kwa hivyo kitu chini ya milisekunde 5 hakiko Mombasa. Nairobi mpaka London mstari ulionyooka ni kama kilomita 6,800, ni milisekunde 68 kwa ndoto, na kebo haziendi mstari ulionyooka, zinashuka Mombasa zinazunguka na bahari, kwa hivyo ukiona 130, 150, 170 kwenda Ulaya hiyo ni kawaida, usipigie mtu kelele.

Sasa geuza hiyo hesabu. Kuna tovuti ya .co.ke inakuambia ni ya Kenya, ofisi iko Westlands, ukiping unapata 165. Hiyo tovuti pengine haikai Kenya, inakaa Ulaya ama mbali zaidi, mwenyewe alikodi seva ya bei rahisi huko. Kama ni hivyo, hakuna kitu kampuni yako ya intaneti inaweza kufanya.

Ukitaka kujua pakiti zinapita miji gani, rudia traceroute bila `-n` ama `-d`, uone majina. Mainjinia wanapenda kuandika kodi za uwanja wa ndege kwa majina ya rauta: nbo, mba, jnb ni Johannesburg, mrs ni Marseille, lhr London, fra Frankfurt, ams Amsterdam. Zile tovuti za kukuambia IP iko nchi gani usiziamini sana, zinasoma usajili, na usajili wa anwani za Afrika uko AFRINIC ambayo makao yake ni Mauritius, kwa hivyo utaona rauta ya Mombasa Road inaambiwa iko kisiwani. Muda wa ping hauwezi kudanganya hivyo.

Kuna njia ingine ya haraka. Fungua kwa brauza `https://1.1.1.1/cdn-cgi/trace`, utaona mistari kadhaa, tafuta ile ya `colo=`. Hiyo anwani 1.1.1.1 ya Cloudflare iko miji mingi duniani kwa wakati mmoja na mtandao wako ndio unaamua utapelekwa gani. Ikisema NBO umehudumiwa Nairobi, MBA ni Mombasa. Ikisema AMS ama LHR na wewe uko Kasarani, kampuni yako inakutoa nje ya bara kwa kitu kiko hapa nyumbani, na hiyo sasa ni swali la kuwauliza.

Nairobi kwenda Nairobi

Hii inastahili maelezo zaidi kidogo, juu ndio inaonyesha kwa nini njia ni muhimu kuliko upana. Zamani, kabla ya KIXP (kituo cha hapa Kenya chenye kampuni za intaneti zinakutania kubadilishana data), barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya ng'ambo ya barabara ilikuwa inapanda setilaiti inaenda ng'ambo ya bahari inarudi, kampuni zote mbili zikilipia. Kampuni zikaamua ziunganishwe hapa hapa, KIXP ikafunguliwa mwishoni mwa mwaka wa 2000, na haikukaa, Telkom Kenya wakati huo walikuwa na haki ya peke yao ya laini za kimataifa wakalalamika, msimamizi ambaye ni CCK akaifunga. Ikabidi mabishano na leseni mpaka Februari 2002 ikafunguliwa tena. Leo inaendeshwa na TESPOK, umoja wa kampuni za intaneti na teknolojia, moja ya vituo vyake iko ile data senta ya Sameer Business Park pale Mombasa Road, unaipitaga ukienda uwanja wa ndege bila kujua.

Utafiti wa Internet Society wa 2012 ulisema muda wa kufikiana ndani ya nchi ulishuka kutoka milisekunde 200 mpaka 600 hadi 2 mpaka 10. Na ule wa 2020 ukaonyesha data ya Kenya inayobadilishwa hapa hapa bila kusafiri ilitoka kama asilimia 30 mwaka wa 2012 ikafika 70, na KIXP yenyewe kutoka Gbps 1 wakati wa kilele hadi 19. Hizo ndio namba za kuringa nazo, si zile za bango la "intaneti kali zaidi".

Kupima: tafuta seva unajua kwa hakika iko hapa, ya chuo ama ya kampuni yenye inaweka seva data senta za hapa, upige traceroute. Kisha umuombe rafiki wa kampuni ingine ya intaneti apige hiyo hiyo. Nyote mnatarajia chini ya milisekunde 15 hivi. Ukiona ya kwako ni 280 na kati kati kuna rauta ya London, basi mitandao miwili ya Nairobi inakutana London, na hiyo ni mambo ya mikataba yao si ya kebo. Ukiingia tovuti ya PeeringDB utafute KIXP utaona nani wameunganishwa hapo na anwani zao za IP, ikitokea moja ya hizo kwa traceroute yako ujue umepita hapo.

Nani anachagua njia

Haraka haraka. Mitandao mikubwa kila mmoja una namba yake ya AS, yaani ya kuutambulisha, Safaricom ni 33771, Liquid 30844, KENET ya vyuo 36914, na zinaambiana kwa itifaki ya BGP "mimi najua kufika anwani hizi". Kitu cha kuelewa ni kwamba BGP haijui milisekunde. Haipimi. Injinia anaipanga ipendelee njia ya mteja anayemlipa, halafu ya mwenzake wasiolipana, mwisho ile anayolipia yeye, na zikilingana ndio inachagua yenye imepitia AS chache. Kwa hivyo pakiti yako inafuata pesa kwanza, urefu baadaye, na hiyo ndio inaeleza London ya hapo juu.

Pia inaamini chenye imeambiwa. 24 Februari 2008 Pakistan Telecom walitaka kufungia YouTube ndani ya nchi yao, tangazo likavuja nje, na kwa kama masaa mawili dunia ikawa inapeleka pakiti za YouTube Pakistan. 4 Oktoba 2021 Facebook wakajiondoa wenyewe kwa BGP, hapa ilikuwa jioni karibu saa moja kasorobo, WhatsApp na Instagram zikaenda nazo kama masaa sita, na watu wakawa wanazima rauta wanawasha, wanapigia kastoma kea ambao hawangeweza kufanya lolote. Siku kama hiyo traceroute inakutoa wasiwasi kwa dakika moja, hopu za nyumbani na za kampuni ziko sawa, tovuti zingine zinafunguka, ni hiyo moja tu haina njia.

Kebo nazo. Kenya inashukia Mombasa: SEACOM na TEAMS za 2009, EASSy ya 2010, na zingine zikafuata kama LION2, DARE1 na PEACE. Februari 2024 kebo tatu ziliharibika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwa moja, mitandao mingi ikageuza data ya Ulaya ipitie kusini, alafu 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika upande wa Afrika Kusini na njia ya kusini nayo ikaziba. Kwa vipimo vya nyumbani siku kama hizo zinajulikana: ping ya ndani ya Nairobi imetulia vile vile, ya Ulaya imeruka na kubaki juu mchana na usiku, majina ya miji kwa traceroute yamebadilika, na jioni pakiti zinaanza kupotea kwa sababu kebo zilizobaki zimebeba za wenzao. Ukiona hiyo picha subiri tu.

Pima laini ikiwa na mzigo

Ping ya laini iliyokaa bure ni nzuri karibu kila mahali. Fungua `ping 1.1.1.1` iendelee, kwa Windows ongeza `-t`, alafu anza kuaplodi faili kubwa kwa Google Drive. Kama ilikuwa 6 ikapanda 15, uko vizuri sana. Ikipanda 400, 700, umepata mchawi wa mikutano yako.

Kinachotokea ni kwamba rauta ina foleni kubwa ya kuweka pakiti zinazongoja kutoka, na badala ya kuzitupa zingine mapema ili mtumaji apunguze kasi, inazirundika. Pakiti ndogo ya sauti yako inakuja inasimama nyuma, kama mtu amekuja Huduma Center kugongewa stampu moja na mbele yake kuna jamaa na faili za ukoo mzima. Hii shida Jim Gettys aliivalia njuga karibu 2010, na 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson, huyo huyo wa traceroute, wakatoa CoDel ya kuisimamia foleni. Mtoto wake fq_codel yuko kwa hati ya intaneti inaitwa RFC 8290, na yuko ndani ya OpenWrt, programu ya bure ya kuendesha rauta. Kama rauta yako inakubali OpenWrt, washa SQM (sehemu yake ya kusimamia foleni), weka kasi kama asilimia 85 mpaka 90 ya ile unapimiwa, zote za kudaunlodi na kuaplodi. Utapoteza Mbps kidogo kwa spidtesti, na mkutano hautakwama tena. Kwangu hii ni bora kuliko kupanda pakeji ya bei ya juu, na hakuna mtu wa mauzo atakuambia. Kama haikubali, ingia rauta utafute kitu kinaitwa QoS uwekee laptopu ya kazi kipaumbele, si sawa kabisa lakini ni afadhali.

Hapa pia ndio mahali pa kueleza ile "spidtesti inasema 40 lakini faili kutoka Ulaya linatambaa". Laini moja ya TCP (ile itifaki inahakikisha data yote imefika) ya mtindo wa zamani haiwezi kuzidi ukubwa wa pakiti ugawanye kwa muda wa kwenda na kurudi, ugawanye tena kwa kipeuo cha pili cha upotevu, uzidishe kama 1.2. Tia namba: pakiti ya baiti 1,460, upotevu wa pakiti 1 kwa 100, ping 150 ya Ulaya, unapata chini kidogo ya Mbps 1. Upotevu huo huo na ping 5 ya Nairobi unapata karibu 28. TCP za kisasa zinavumilia zaidi, lakini mwelekeo ni huo, upotevu mdogo wenye hauuoni kwa seva ya karibu unakuua kwa seva ya mbali. Ndio maana mimi napenda kipimo cha NDT cha M-Lab kwa kulinganisha, kinatumia laini moja tu ya TCP, kwa hivyo namba yake itakuwa ndogo kuliko ya zile zingine na itakuwa karibu zaidi na maisha.

Iache ipime yenyewe

Kipimo cha saa nne asubuhi hakina maana kama shida ni ya usiku. Linux weka hii kwa `crontab -e`:

`0 * * * * (date; mtr -n -r -c 100 1.1.1.1) >> $HOME/pima.txt 2>&1`

Kila saa itapiga mtr ya pakiti mia na kuandika kwa faili. Ongeza mstari wa pili wa seva ya Ulaya. Wiki moja inatosha, bora iwe na wikendi ndani, juu Jumamosi usiku kila mtu wa ploti anatazama mpira. WinMTR unaiendesha kwa mkono, jioni na alfajiri, uhifadhi maandishi.

Ukisoma tumia kanuni ile ile ya hopu. Upotevu unaanza hopu ya 2 na kuendelea mpaka mwisho, na ni jioni tu: mtaa umejaa, wameuza laini nyingi kuliko wanayopeleka hapo. Upotevu wa hopu ya 2 masaa yote hata alfajiri: faiba imepindwa, konekta chafu, ama antena ya paa imesukumwa na upepo, muite fundi. Hopu za kampuni ziko safi, shida inaanza baada ya kutoka kwao: laini zao za nje. Na kama stima ilipotea jua vipimo vya hiyo saa ni bure, vifute.

Sasa andika

Usipige simu, andika barua pepe, ili iwe na namba ya tiketi. Saa andika za 24 na useme ni za Nairobi, juu rekodi za mitambo yao pengine ziko UTC, nyuma yetu masaa matatu. Kitu kama hiki:

"Habari zenu. Akaunti namba fulani, mtaa fulani. Kuanzia Jumatatu kati ya 19:00 na 23:00 saa za Nairobi napoteza pakiti. Nimepima kwa kebo, si waifai. Rauta yangu 0.6 ms, upotevu sufuri. Hopu ya pili 100.72.0.1 inapoteza 8 kwa 100 na upotevu unaendelea mpaka hopu ya mwisho. Saa 04:00 hopu hiyo hiyo inapoteza sufuri. Nimeambatisha mtr za saa zote mbili. Naomba ifikie watu wa NOC, na naomba mtr ya kutoka kwenu kuja kwa laini yangu wakati wa shida."

NOC ni wale wanaosimamia mitambo ya mtandao. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache, ndio inakupa njia ya kurudi yenye wewe hauwezi kuiona. Kama wanakuweka tu, tunza tiketi na majibu yao yote, Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya wateja lakini itakuuliza kwanza kama uliwaandikia kampuni na walisema nini.

Na kama hii mambo imekushika, RIPE NCC ya Amsterdam wana mradi wa RIPE Atlas tangu 2010, unaweka kidude chao ama programu yao nyumbani, watafiti wa dunia wanapima kupitia kwako na wewe unapata pointi za kupima kutoka vidude vya watu wengine. Ukiwa na pointi unaweza kuiambia kidude ya Kampala ama ya Marseille ipige traceroute kuja kwa anwani yako ya nje. Hata kama CGNAT itakata hopu za mwisho, utaona imeingia kampuni yako kupitia mji gani.